Dakika Nne za Sindano

Jumatatu, 4 Machi

Kaka yangu,

Natumaini mlifika salama, wewe na somo yangu. Mliondoka mbio mbio, hata chai ya waamuzi hamkuionja, nami nikabaki mlangoni mwa maktaba na mkono wa kwaheri hewani. Simu nimeiacha kando kwa makusudi. Wewe na mimi tukipigiana tunagombana kabla salamu hazijaisha, na jambo hili sitaki tuligombanie. Leo ni siku ya pili na bado nalifikiria.

Wewe ulikuwa nyuma ya kamba pamoja na wazazi wengine, kwa hiyo hukuona vizuri. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka meza namba moja. Sikupaswa kuisimamia fainali ile ya sataranji, najua. Upande mmoja alikaa mwanafunzi niliyemfundisha miaka mitatu, upande wa pili mtoto wako aliyepewa jina langu. Lakini mwamuzi mwenzangu aliamka na homa, na watoto hamsini na wawili hawawezi kusubiri homa ishuke.

Basi sikiliza. Yule mwembamba wa kwetu, mtoto wa fundi cherehani, tunamwita Sindano kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyopenya pasipopenyeka. Kufikia hatua ya thelathini na moja alikuwa ameshashinda. Ana ngome mbili, mfalme wa somo yangu amebanwa kwenye kona, zimebaki hatua mbili mchezo uishe. Hata mtoto wa miaka saba angeziona. Saa yake ilikuwa na dakika nne na sekunde chache.

Akaweka mikono mapajani. Akakaa.

Dakika ya kwanza nilifurahi. Nikasema moyoni, ndivyo nilivyomfundisha: ukiona hatua nzuri usikurupuke, tafuta iliyo nzuri zaidi. Dakika ya pili nikagundua kuwa hatazami ubao. Anamtazama somo yangu usoni. Na somo yangu anatikisa kichwa, kidogo sana, kama anayesema hapana. Dakika ya tatu ukumbi mzima ulikuwa umeelewa. Kaka, sijawahi kusikia watoto hamsini wakinyamaza namna ile. Nilisikia feni.

Saa ikasoma sifuri. Sindano akanyoosha mkono, akasema, "Hongera," kisha akasaini karatasi ya matokeo kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.

Nikamwuliza, "Nini hiki?"

"Muda umeniishia, Mwalimu."

Hilo tu. Nimemhoji mara tatu tangu siku ile na jibu ni lile lile. Nakuomba umwulize somo yangu taratibu, bila kumtisha. Je, kuna mtu mzima aliyewasogelea watoto hawa kabla ya fainali? Kuna aliyemwahidi Sindano kitu? Kwa nini mwanao alitikisa kichwa? Sharti la kwanza la klabu yangu, lile tunaloliimba kila Jumamosi, ni kwamba kila mchezo unachezwa mpaka mwisho. Nimelifundisha miaka kumi na moja, na juzi limevunjwa mbele ya macho yangu na mtoto ninayemwamini kuliko wote.

Mdogo wako


Jumatatu, 11 Machi

Mdogo wangu Mwalimu,

Tulifika salama. Kombe liko juu ya kabati la televisheni, kila mgeni analiona kabla hajakaa.

Umeniandikia kurasa mbili za huzuni juu ya mtoto wa watu na hukuweka hata mstari mmoja wa kumpongeza wa kwenu. Unashangaza. Mimi nilichokiona ni mtoto aliyebanwa kwenye kona asikate tamaa, akamkodolea macho mwenzake mpaka mwenzake akaishiwa nguvu. Kutikisa kichwa? Labda alikuwa anafukuza nzi. Nimemwuliza, akasema hajui. Nami namwamini, kwa sababu nyumbani kwangu hatudanganyani.

Hakuna mtu aliyemsogelea mwanangu. Nilikuwa naye muda wote, isipokuwa alipokwenda msalani. Lakini huyo Sindano wako nakushauri umchukulie hatua. Kama alijiachia kwa makusudi, amelitia doa kombe letu. Tayari baba wa yule mtoto aliyeshika nafasi ya tatu ameanza maneno. Mfungie msimu mzima, na barua iende kwenye chama. Tatizo lako unawalea watoto hao kama mayai. Wakishinda makofi, wakifungwa makofi. Sasa mtoto atajuaje tofauti?

Mimi mpima ardhi. Jiwe la mpaka likikaa sentimita tatu pembeni, watu watashtakiana miaka ishirini. Kwa hiyo huwa silisogezi jiwe ili mtu afurahi. Na mwanangu namlea hivyo hivyo, na unaona matokeo. Sijawahi kumchapa, sijawahi kumpigia kelele. Nyumba yangu ni tulivu, hata majirani wanasema.

Wifi yako anakusalimu. Anasema mtoto hali vizuri wiki hii. Ni uchovu tu.

Kaka yako


Jumanne, 19 Machi

Kaka,

Nimefanya ulivyosema, na sijisikii vizuri.

Jumamosi niliwakusanya watoto kabla hatujapanga kete. Nikamsimamisha Sindano. Nikasema mbele ya wote kwamba amevunja sharti la kwanza, kwa hiyo hatacheza mashindano yoyote mpaka Septemba. Nilitegemea alie, au ajitetee, au walau anichukie. Alisema, "Sawa, Mwalimu." Halafu akaanza kuwapangia wadogo kete zao, maana ilikuwa zamu yake.

Jioni mama yake alikuja. Alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni, ametoka moja kwa moja kwenye cherehani.

"Mwalimu, sikuja kubishana," akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Mwanangu ameiba?"

"Hapana."

"Ametukana?"

"Hapana, mama."

"Basi ni lipi? Maana amefika nyumbani, ameniambia amefungiwa, nikamwuliza kwa nini, akasema ni siri ya mtu. Siri ya nani ambayo adhabu yake anaibeba wangu?"

Niliongea habari za masharti, nikajisikia naongea kama kipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka.

Siri ya mtu. Kaka, neno hilo haliniachi. Tafadhali mwulize tena somo yangu.

Mdogo wako


Jumatatu, 25 Machi

Shangazi yangu na somo yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandikia shuleni, na mwalimu wa maktaba ndiye atakayeituma. Ukitaka kujibu, jibu kwa anwani ya shule iliyo nyuma ya bahasha. Tafadhali usipige simu nyumbani.

Nilisoma barua yako kwa baba. Aliiacha mezani. Najua si tabia nzuri kusoma barua za watu lakini niliona neno Sindano. Shangazi, mfungulie. Hakupewa kitu na mtu yeyote. Kosa ni langu mimi.

Kabla ya fainali nilikuwa msalani natapika. Yeye akaingia kunawa mikono. Akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, naogopa tu. Akasema, "Unaniogopa mimi?" akacheka. Nikamwambia siogopi kufungwa na wewe, naogopa njia ya kurudi nyumbani. Akasema baba yako atakupiga? Nikasema hapana, baba yangu hapigi.

Halafu nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu. Nikifungwa, baba hasemi na mimi mpaka nishinde tena. Si kwamba anakasirika. Anakuwa kama sipo. Mezani akitaka kitu kilicho karibu nami anamwambia mama, "Mwambie mtoto apitishe chumvi." Mama ananiambia, mimi napitisha. Nikisema "Shikamoo baba" asubuhi, anasoma gazeti. Mashindano ya Novemba nilishika nafasi ya nne. Baba alianza kuongea na mimi tena Januari, nilipowashinda watoto wa shule yetu. Nilihesabu kwenye daftari la hesabu. Ni siku arobaini na tatu. Siku ya kuzaliwa kwangu ilikuwa humo ndani.

Sikumwomba aniachie, Shangazi. Naapa. Nilipoona hachezi nilimtikisia kichwa acheze. Hakutaka. Alikuwa ananiangalia tu.

Sasa baba anaongea na mimi kila siku kwa sababu ya kombe. Ananiita bingwa. Kila nikipita kabatini naangalia pembeni. Chakula hakishuki.

Naomba usimwambie baba kwamba nimekuandikia.

Somo yako


Jumatano, 3 Aprili

Somo yangu mpenzi,

Marahaba, marahaba mara mia. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama ofisini, na mara ya pili nimeisoma nimekaa sakafuni. Usiogope kwamba nimekasirika. Sina hasira nawe hata chembe. Nimepigwa na butwaa, basi. Nimemjua baba yako maisha yangu yote, nimekaa kwenye meza hiyo hiyo mnayolia chakula, na sikuona kitu.

La kwanza. Kufungwa si kosa. Mimi nimefungwa michezo mingi kuliko nywele za kichwa chako, na waliokuwa wananipenda jana yake walinipenda kesho yake. Mtoto hastahili kunyamaziwa siku arobaini na tatu, wala siku moja, kwa sababu ya farasi na ngome za mbao.

La pili, Sindano. Nilikwenda kwao siku ile ile niliyopata barua yako. Mama yake alikuwa anatia vifungo kwenye shati. Nikamwambia Sindano mbele yake kwamba najua, kwamba nilimwadhibu bila kujua, na kwamba naomba radhi. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Si yangu kusema," akajibu.

Nikamweleza kwamba hata hivyo alikosea. Kumwachia mtu mchezo hakumwondolei tatizo, kunalisogeza mbele tu. Akafikiri kidogo. Unamjua anavyofikiri, akiuma mdomo wa chini. Akasema, "Najua, Mwalimu. Lakini mimi nikifungwa, mama huniambia haya njoo unishikie uzi. Nikaona kufungwa kwangu ni rahisi kuliko kwake. Nikafungwa mimi."

Mama yake aliacha sindano ndani ya kitambaa, akatoka nje. Mimi nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Jumamosi iliyopita nimeomba radhi tena, safari hii mbele ya klabu nzima, sauti kubwa kama ile niliyomfungia. Siri yako sikuigusa. Nilisema tu kwamba mwalimu alikosea, na mwalimu akikosea anasema. Sindano atacheza Juni.

La tatu ndilo gumu. Naomba ruhusa yako nimwandikie baba yako. Umesema nisimwambie, na sitamwambia mpaka uniruhusu. Lakini mimi ni mdogo wake, na kuna maneno ambayo hakuna mwingine wa kumwambia. Akikununia kwa ajili hiyo, nitafunga safari, nitakuja na godoro langu, nitalala sebuleni kwenu na kuimba kwa sauti yangu hii unayoijua, mpaka aombe poo.

Fikiria. Usiharakishe. Una muda wote.

Shangazi yako


Alhamisi, 11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimefikiri siku mbili. Mwambie.

Lakini usiseme kuhusu chumvi. Mama ataona aibu.

Somo yako


Jumatatu, 15 Aprili

Kaka yangu,

Kaa chini kabla hujaendelea.

Sindano hakuhongwa. Aliacha saa iishe kwa sababu dakika ishirini kabla ya fainali alimkuta mwanao msalani anatapika kwa hofu, akaambiwa sababu. Sababu ni wewe.

Najua kuhusu Novemba. Najua siku arobaini na tatu. Mtoto alizihesabu kwenye daftari la hesabu, kaka, kama mfungwa anavyochora mistari ukutani. Najua siku yake ya kuzaliwa ilipita humo humo na hukumwambia neno. Mimi siku ile nilipiga simu nikaongea naye, akaniambia kila kitu ni kizuri. Nikaamini. Nilikuwa mjinga kiasi gani?

Uliniandikia kwamba humchapi wala humpigii kelele. Ni kweli. Uliniandikia pia kwamba nyumba yako ni tulivu, nami nikasoma mstari huo nikaona ni sifa. Sasa nikiukumbuka nywele zinanisimama.

Mimi kazi yangu ni kufundisha watoto kushindana. Nawafundisha kupeana mikono, kunyamaza mwenzao anapofikiri, kusema "hongera" hata kama koo limekauka, kwenda na aliyewafunga kutazama pamoja walipoteleza. Vyote hivyo vinakuja kwa sharti moja tu: mtoto ajue kwamba akifungwa anarudi nyumbani akiwa bado mtoto wa mtu. Asipolijua hilo, sina ninachomfundisha. Nakuwa namnoa kama kisu tu.

Mtoto wa fundi cherehani, wa miaka kumi na moja, aliliona jambo hili ndani ya dakika moja akitaka kunawa mikono. Akaamua kulilipia yeye. Mimi na wewe, watu wazima na vyeti vyetu, tukamfungia.

Mwanao ndiye aliyeniambia, na nimemwomba ruhusa kabla ya kukuandikia. Ukimnyamazia kwa hili, utakuwa umemnyamazia mtoto aliyefanya jambo la ujasiri kuliko yote tuliyofanya sisi wawili mwaka huu. Na nitakuja. Unanijua, nitakuja.

Mdogo wako


Jumatatu, 22 Aprili

Mwalimu,

Barua yako nimeipata.

Kwanza, mambo ya nyumba yangu ni ya nyumba yangu. Pili, huna mtoto. Samahani kulisema hivyo lakini ni kweli, na ni rahisi kufundisha watoto wanaorudi kwao jioni. Tatu, unaniandikia kama mtu aliyemwaga maji ya moto juu ya mtoto. Nimefanya nini? Nimekaa kimya! Tangu lini kukaa kimya ni kosa?

Mimi nilifeli mtihani wa kuingia sekondari nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba hakunigusa. Hakusema na mimi kuanzia matokeo yalipotoka mpaka niliporudia mtihani na kufaulu. Mwaka mzima. Nilikuwa nasoma kama mwendawazimu, na nikawa wa kwanza. Leo nina ofisi, watu wananiita bwana mkubwa, hakuna jiwe nililopima likang'olewa na mahakama. Nisingefika hapa kwa kupigiwa makofi. Kwa hiyo nieleze polepole, wewe mwenye elimu ya watoto, kosa liko wapi.

Wala sijamnyamazia mtoto. Usije.

Kaka yako


Jumapili, 28 Aprili

Kaka yangu, kaka yangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Ile ya "huna mtoto" nimeiacha ipite, umeirusha ukiwa na hasira. Kilichonishtua ni habari ya mtihani. Mwaka mzima?

Nilikuwa na miaka sita. Naukumbuka mwaka ule vizuri, na mpaka jana niliukumbuka kama mwaka wa furaha! Nilikuwa na kazi. Baba alikuwa ananiita tarishi wake. "Tarishi, mwambie kaka yako afunge mlango wa kuku." "Tarishi, mwambie viatu vyake viko njiani." Nami natoka mbio, nakufikishia, wewe unafanya bila kusema kitu, narudi mbio kwa baba, ananipapasa kichwa. Nilidhani ni mchezo ambao ninyi wawili mmeniundia ili nami nionekane mkubwa. Nilijivuna, kaka. Niliwaringia watoto wa jirani.

Hatua tano zilitosha kutoka kiti cha baba mpaka ulipokuwa umekaa. Hatua tano, na maneno yalipitia kwangu. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini asikwambie mwenyewe.

Sasa najua wifi yangu anafanya kazi gani mezani kwenu. Niliifanya mimi kabla yake.

Nisamehe. Najua nilikuwa mtoto, hakuna anayenilaumu, lakini nisamehe. Na nisamehe pia kwa siku ya mazishi ya baba. Ulisimama kule kwenye ukuta, mbali na jeneza, hukuja hata tulipoitwa. Miaka tisa nimekuwa nikikuhukumu kwamba una moyo mgumu.

Unaniuliza kosa liko wapi. Sitakujibu kwa elimu ya watoto. Nitakuuliza swali moja tu, na usinijibu haraka. Ulipofaulu, baba akaanza kusema nawe tena, je, wewe ulirudi kusema naye? Namaanisha kusema kweli, siyo shikamoo na hali ya hewa. Lini?

Mdogo wako


Ijumaa, 17 Mei

Mdogo wangu,

Swali lako nimekaa nalo karibu wiki tatu. Jibu ni sijui. Nadhani sikurudi. Alipougua nilimlipia hospitali, nilikaa kitandani pake kila Jumapili, tukatazama dirisha.

Nilitaka nikuandikie kwamba nimekwisha kubadilika. Ingekuwa uongo. Nitakuambia kilichotokea jana.

Nilicheza na mtoto, mchezo wa kawaida tu, mezani, mimi na yeye, hakuna kombe wala nini. Alikosea akampoteza malkia. Akaniangalia. Mdogo wangu, nilitaka kumwambia, "Si kitu, endelea." Nilikuwa nimeshaamua kabla hata hatujakaa kwamba lolote litakalotokea nitasema hivyo. Nikafungua mdomo, na ulimi ukagoma. Maneno hayakutoka. Nikaona uso wake unajifunga kama dirisha, taratibu, bila kelele, ameshazoea. Kumbe anajua kabla yangu.

Miaka yote nilidhani ni nidhamu. Nilidhani mimi ndiye ninayeamua kukaa kimya. Jana nimegundua kwamba siamui. Mdomo unajifunga wenyewe. Nina miaka arobaini na minne na jana niliogopa kama mtu aliyeshikwa shingo na mkono asiouona.

Nilinyanyuka, nikaenda jikoni, nikamwambia wifi yako. Alikuwa anaosha sufuria. Alisema, "Nilikuwa nasubiri useme hivyo tangu mtoto ana miaka sita," kisha akakaa kwenye ndoo akalia. Sikujua. Miaka mitano nilidhani ananikubali.

Nitamleta Juni. Mimi mwenyewe. Usinipangie kazi yoyote ya uamuzi. Niweke nyuma ya kamba.

Kaka yako


Jumanne, 11 Juni

Shangazi yangu na somo yangu,

Shikamoo. Barua hii naiandikia nyumbani, mezani, na baba anajua.

Unajua matokeo kwa sababu ulikuwepo, lakini nitayaandika kwa sababu nataka. Nimefungwa michezo mitatu kati ya saba, nimekuwa wa kumi na moja. Sindano amenifunga raundi ya pili kwa haki kabisa, tena kwa hatua ishirini na mbili tu. Alipomaliza nikamwambia hongera, akasema, "Safari hii hukunitikisia kichwa," tukacheka mpaka mwamuzi akatunyamazisha. Halafu akanionyesha nilipoteleza. Ni pale kwenye farasi.

Sasa nikuambie usiyoyajua, ya njiani.

Tulipoingia ndani ya gari baba hakusema kitu. Akafunga mkanda, akawasha gari. Nikajua imeanza. Nikageukia dirisha, nikaanza kuhesabu siku mpaka mashindano ya Septemba. Tukafika kwenye taa za kwanza za barabarani, zikawa nyekundu. Baba akakohoa. Akasema, "Tairi la nyuma linahitaji upepo."

Shangazi, niligeuka kuangalia kiti cha nyuma. Nilidhani kuna mtu amempa lifti.

Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Nini, baba?" Akasema tena, "Tairi. La nyuma. La kushoto." Mikono yake ilikuwa imeshika usukani kama anauzuia usiruke. Nikasema, "Haya." Taa zikawa kijani.

Halafu akaendelea. Aliongea habari za matairi. Zikaisha. Akatafuta nyingine, nilimwona anatafuta. Akaniambia jinsi ya kupima kilima bila kukipanda. Akaniambia anaogopa mbwa, tangu mdogo, na kwamba kazini kuna mbwa wengi na hakuna anayejua kwamba anaogopa. Akaniambia aliwahi kufeli mtihani. Baba, kufeli! Nikamwuliza, "Ulilia?" Akasema, "Nililia bandani kwa kuku." Hakuniuliza kuhusu farasi hata mara moja.

Anaongea vibaya sana. Anaanza sentensi anaiacha katikati, anarudia jambo moja mara mbili, kama mtu anayejifunza lugha ya wageni. Mara nyingine alinyamaza, nikabana pumzi, halafu nikamsikia anavuta hewa na kuanza tena, hata kama ni kusoma tu maandishi ya vibao vya barabarani. "Punguza mwendo," anasoma. "Shule mbele."

Sikujua nijibu nini, kwa hiyo nilisikiliza. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimechoka, usingizi ukanipitia tukiwa bado mbali.

Nilipoamka alikuwa bado anaongea.

Somo yako